Kwa Pumzi Moja

Sheria ya mji wa Itumbo ilisema kwamba programu yoyote inayogusa maisha ya watu isomwe kwa sauti mbele ya watu hao. Ilisema pia kwamba kila kipande chake kisomeke kwa pumzi moja. Msomaji akilazimika kuvuta pumzi katikati, kipande kilirudishwa ofisini kikakatwe upya.

Utaratibu wa Mgao, programu iliyogawa hewa ya mji, haukuwahi kusomwa. Ulikuwa mrefu mno. Kokubanza, mwandishi wa programu ambaye ofisini aliitwa Koku, alianza kuuteremsha kwenye skrini asubuhi, na saa ya chakula ilipofika alikuwa bado hajauona mwisho wake.

"Umefika wapi?" aliuliza Mhandisi Ndimbo, mkuu wa Ofisi ya Programu. Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai ya rangi, mgongo ukiegemea mwamba ambao wachimbaji wa zamani waliuacha bila kuusawazisha.

"Nimefika mahali panapoitwa k-mbili," alisema Koku. "Juu yake kuna k-moja. Chini yake kuna k-mbili-mpya. Mhandisi, aliyeandika hivi alikuwa anamkimbia nani?"

"Niliyeandika ni mimi."

"Basi ulikuwa unamkimbia nani?"

Ndimbo alicheka kidogo, kisha akakohoa. "Joto lilikuwa linatukimbiza sote. Tulikuwa tumeshuka mgodini na watoto na magodoro, feni mbovu, kila kukicha kuna jambo jipya la kuongeza. Niliongeza. Wenzangu waliongeza. Nani alikuwa na muda wa kupanga?"

"Na wote mliongeza mwishoni."

"Katikati palitisha. Ukigusa katikati, hujui kitakachozimika. Ukiongeza mwishoni, unalala usingizi."

Juu ya kichwa chake kipimo cha ukutani kilionyesha hewa ya mchana. Usiku, juu kukipoa, feni zilivuta hewa na kuishusha mgodini. Mchana shimo lilifungwa, na Mgao uligawa kile kilichovutwa, korido kwa korido, mpaka jua litue. Kiangazi hiki usiku haukuwa ukipoa vya kutosha. Mshale ulikuwa umeshuka hadi karibu na mstari wa njano wa tahadhari, na saa saba ilikuwa bado haijafika.

"Ndiyo maana nataka usomwe sasa," alisema Ndimbo, naye akiutazama. "Kama tutauhitaji, watu wajue unafanya nini."

Koku aliendelea. Kazi hiyo ilikuwa na mpangilio wake. Alitafuta mistari iliyokuwa ikifanya jambo moja, akaizungushia mpaka, akaing'oa yote na kuihamishia mahali pake. Pale ilipotoka aliacha jina. Jina lilipaswa kusema kile ambacho mistari hiyo ilifanya, bila kuzidisha wala kupunguza. Baada ya kila kipande aliendesha programu nzima kwa takwimu za siku zilizopita, kuhakikisha kwamba majibu hayajabadilika hata kidogo. Ndimbo ndiye aliyewafundisha wote ofisini kanuni hiyo: kwanza unapanga, ndipo unarekebisha. Ukichanganya kazi hizo mbili, hakuna atakayejua kosa lilikuwa wapi wala lilikuwa la nani.

Alipoelewa k-mbili inafanya nini, aliondoa mikono kwenye kibodi. Mistari hiyo ilikuwa ikitafuta korido ambayo, ikifungwa, ingewaachia wengine hewa nyingi zaidi. Hakushangaa. Kila mtu Itumbo alijua kwamba mistari hiyo ipo. Koku alikuwa mtoto mdogo wakati ilipoichagua Korido ya Sita. Lango la chuma lilianguka adhuhuri na halikufunguka mpaka usiku ulipoingia, kama lilivyotengenezwa. Upande huu wa lango, hewa ilipanda na mji ukaishi. Tangu hapo, kila kiangazi kilipoanza, feni zilizimwa kwa muda na mji mzima ulibana pumzi kwa heshima ya wale waliokuwa upande wa pili. Siku hiyo iliitwa Siku ya Pumzi.

Aliandika jina: chagua korido ya kufungwa.

"Ungeweza kuandika sawazisha mgao," alisema Ndimbo, akisoma nyuma ya bega lake.

"Haisawazishi. Inachagua."

"Haya. Wewe ndiye utakayesoma."

Siku iliyofuata, alasiri, kipande cha mwisho kiling'oka. Kilichobaki katika utaratibu mkuu kilikuwa majina matupu, moja chini ya jingine, na kwa mara ya kwanza tangu mji uanzishwe Mgao wote ulienea kwenye skrini moja:

pima hewa iliyobaki
pima joto la juu
hesabu watu wa kila korido
linganisha hewa na watu
hewa ikipungua, chagua korido ya kufungwa
angusha mlango wake
fungua matangi ya akiba
gawa hewa upya

Koku aliusoma kwa pumzi moja, na pumzi ikabaki. Alitabasamu. Akausoma tena kwa ajili ya kuufurahia tu, na mara hii alisimama kwenye mstari wa sita.

*

Matangi ya akiba yalikuwa chini kabisa ya mgodi. Yalijazwa polepole kipindi chote cha baridi, na yalikuwepo kwa ajili ya siku mbaya. Katika utaratibu wa zamani mistari ya kuyafungua ilikuwa mbali sana na mistari ya mlango, na kati yake palikuwa na mambo mengi yasiyohusiana na chochote kati ya hayo mawili. Hakuna jicho lililowahi kuiona pamoja.

Koku alichukua takwimu za siku ya Korido ya Sita. Aliendesha programu kama ilivyo, na mlango ukaanguka. Kisha, pembeni, mahali ambapo jaribio haligusi valvu yoyote, alihamisha mstari wa akiba ukatangulia uchaguzi. Aliendesha tena.

Milango yote: wazi.

Ndimbo alikuja akaangalia skrini. Hakuuliza ni jaribio gani. Alifunga mlango wa ofisi, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, na Koku akaelewa.

"Ulikuwa unajua," alisema.

"Nilijua kiangazi kilichofuata. Nilikuwa natafuta jambo jingine kabisa." Alipangusa uso kwa kiganja. "Matangi yalipounganishwa, mistari yake niliiandika mimi. Niliiweka mwishoni. Niliogopa kugusa katikati, nimekwisha kukwambia. Siku ile mlango ulianguka, na sekunde hiyo hiyo akiba ikafunguka. Hewa ikapanda. Sote tukasema, wale wametuokoa. Hata mimi nilisema. Mke wangu Salome alikuwa humo, Koku. Nilimzika nikimshukuru."

Koku aliangalia matokeo ya jaribio. "Hewa ya Korido ya Sita ingeshuka kidogo chini ya njano. Watu wangeumwa kichwa. Wangefungua vifungo vya mashati na kulalamika."

"Nimeyaona hayo."

"Na ukauacha hivyo mpaka leo."

"Badiliko lolote lazima lisomwe. Ningesimama mbele ya Adelina, mama yako mlezi, aliyefiwa na wote humo, nikisoma nini?" Alinyanyua kichwa. "Nisikilize. Unasafisha utaratibu mzima. Hamisha mstari huo sasa hivi, pamoja na usafi. Ukumbini watasikia: fungua akiba, kisha chagua, kisha mlango. Watasema vizuri, watakwenda kula. Ukiusoma kama ulivyo, sheria itakutaka usubiri wiki nzima kabla ya kusoma marekebisho. Angalia kipimo kile. Wiki nzima kosa litakuwa hai juu ya vichwa vyetu. Ukifanya ninavyosema, kesho kosa limekufa. Niambie ni nani anayeumia."

Koku alikitazama kipimo.

"Ulitufundisha tusichanganye," alisema mwishowe. "Kupanga na kurekebisha."

"Niliwafundisha kuandika programu."

"Na hii ni nini, Mhandisi?"

Ndimbo aliinuka kwenye ndoo. Alichukua kikombe chake kilichopoa akatoka, na mlango akauacha wazi.

*

Mama Adelina alikuwa amepika ugali na uyoga wa nazi. Uyoga aliulima mwenyewe kwenye rafu nyuma ya kitanda, katika unyevu ambao watu wengine wa Korido ya Tano waliulalamikia. Koku aliishi naye tangu mama yake mzazi alipofariki kwa homa. Wakati huo chumba cha Adelina kilikuwa kimebaki na vitanda vitupu.

"Kula," alisema Adelina. "Kesho utasimama mbele ya watu na pumzi ya kifaranga. Nani alikufundisha kubana pumzi?"

"Wewe, Mama."

"Basi usinitie aibu. Kwenye Siku ya Pumzi nilikuwa nakuona unaiba, unavuta kidogo kwa pembe ya mdomo, unadhani sikuoni."

"Nilikuwa mtoto."

"Ulikuwa mwizi." Adelina alimwongezea mchuzi. Kisha akaacha mzaha. "Nitakaa mbele. Nimemwambia Mwenyekiti Kihwele aniwekee kiti. Nataka kusikia mstari uliowachukua Deusi na Fulgence na baba yao. Miaka yote naambiwa programu iliamua, programu iliamua. Mtu akifa kwa homa, daktari anakwambia ni homa gani. Mimi sijawahi kuusikia huo mstari. Unao?"

"Ninao."

"Unaeleweka? Hata na mtu kama mimi?"

Koku alimega tonge, akaliviringisha mkononi mpaka likapoa. "Unaeleweka," alisema. "Ndiyo kazi yangu."

"Vizuri. Kula basi."

Asubuhi Koku aliwahi ofisini kabla ya wengine. Utaratibu ulikuwa kwenye skrini, majina manane. Aliweka kishale kwenye mstari wa akiba. Badiliko lenyewe lilikuwa dogo kuliko kazi ya kufunga kiatu. Alifikiri juu ya kiti cha mbele na mwanamke atakayeketi hapo kusikiliza, akisikia mstari ambao haukuwa ule uliowachukua wanawe. Alifikiri pia juu ya kipimo. Mambo hayo mawili hayakupatana kichwani mwake, na alijua hayatapatana.

Aliondoa kishale. Akachapisha utaratibu kama ulivyo.

*

Ukumbi wa Usomaji ulikuwa zamani chumba cha kusagia mawe. Watu waliketi kwenye mabenchi ya chuma kwa mpangilio wa korido zao. Mwenyekiti Kihwele, mtu mfupi mwenye sauti nzito, aligonga meza, na Koku akaanza na vipande vidogo. Alisoma jinsi joto linavyopimwa. Alisoma jinsi watu wanavyohesabiwa. Kila kipande alikimaliza kwa pumzi moja, na baada ya muda watu walianza kupiga miayo.

"Binti," alisema Mgaya wa Korido ya Pili, ambaye hakuna kikao kilichopita bila sauti yake, "hewa yetu unaimaliza wewe hapo mbele."

Watu walicheka. Adelina, katika kiti chake, hakucheka. Alikuwa amevaa kitenge cha Siku ya Pumzi.

"Sasa nasoma utaratibu mkuu," alisema Koku, "kama ulivyo tangu ulipoandikwa. Sijabadilisha mpangilio wake."

Katika safu ya tatu ya mabenchi, karibu na ukuta, alimwona Ndimbo akifumba macho.

Alivuta pumzi akasoma majina manane. Hakuharakisha. Alipofika mwisho alisikia feni tu.

"Vizuri," alisema Mwenyekiti. "Kuna swali?"

"Rudia, mwanangu," alisema Adelina. "Kuanzia penye mlango."

"Angusha mlango wake. Fungua matangi ya akiba. Gawa hewa upya."

Midomo ya Adelina ilisogea, kama mtu anayepanga vyombo upya kichwani.

"Mlango kwanza," alisema. "Ndipo akiba."

"Ndiyo, Mama."

"Siku ile akiba ilikuwa na kitu?"

"Ilikuwa imejaa."

"Na kama ingefunguliwa kwanza?"

Koku alikuwa amejiandaa kwa swali hilo usiku kucha, na bado sauti yake ilitoka ndogo. "Wangeumwa kichwa. Basi."

Hakuna aliyepiga kelele. Kwenye mabenchi ya nyuma mtu alianza kulia kwa sauti ya chini, kisha mwingine. Ndimbo alisimama.

"Mistari ya akiba niliiweka mimi," alisema. "Niliiweka mwishoni kwa kuogopa kugusa mengine. Nimelijua kosa hilo miaka mingi. Binti huyu amelijua tangu jana, na nilimwomba alifiche." Alibaki amesimama, mikono ikining'inia, kana kwamba alisubiri kuambiwa aiweke wapi.

Kihwele aligonga meza ingawa hapakuwa na kelele. "Habari zako zitafuata, Mhandisi. Kwanza mji. Sheria inataka wiki moja kati ya usomaji na badiliko. Inaruhusu badiliko la siku hiyo hiyo kama hakuna mkono hata mmoja unaopinga. Napendekeza mistari ihamishwe leo."

"Leo hii," alisema Mgaya. "Hata wiki ya nini? Si mtu ateremke akafungue hiyo akiba kwa mkono?"

"Vishikio vya valvu viliyeyushwa baada ya watu kuuana wakivigombania. Baba yako alipiga kura ya kuviyeyusha."

"Basi watakaochaguliwa wahame. Itachaguliwa korido gani?"

"Ya Tano," alisema Koku. "Ndiyo iliyojaa kuliko zote sasa. Lakini wakihamia kwenu Pili, itakayojaa ni Pili. Programu itaichagua Pili."

Mgaya aliketi.

"Anayepinga badiliko la leo?" aliuliza Kihwele, na tayari alikuwa ameshika kalamu.

Mkono wa Adelina ulinyanyuka.

Mwenyekiti alifikiri hakuona vizuri. "Mama Adelina, pengine hukuelewa..."

"Umesomwa vizuri. Nimeelewa." Alisimama, akageukia mabenchi. "Kila Siku ya Pumzi nimekuja hapa nikawaambia wanangu waliwapa pumzi yao. Mkaniinamia. Mkanipa kiti cha mbele. Hawakuwapa kitu. Walifungiwa nje ya hewa iliyokuwepo, na ninyi mkanishukuru, na mimi nikasema karibuni." Aliteremsha mkono, kisha akaunyanyua tena ili pasiwe na shaka. "Nimeishi chini ya mpangilio huu miaka yote bila kuujua. Ninyi ishini nao wiki moja mkiujua. Kila asubuhi muamke muulize kama mlango uko wazi. Napinga."

"Wewe mama unaishi Tano," alisema Mgaya taratibu.

"Najua ninakoishi, Mgaya."

Kihwele alimtazama Koku, kana kwamba katika karatasi alizoshika kulikuwa na kipande kingine ambacho hakijasomwa. Hakikuwepo. Aliandika neno moja kwenye kitabu cha kikao na kikao kikaisha.

*

Walirudi nyumbani wakiwa wawili, Adelina mbele. Watu walipisha njia. Kwenye kila makutano palikuwa na kipimo ukutani, na chini ya kila kipimo palikuwa na watu wamesimama wakiutazama mshale, jambo ambalo Koku hakuwahi kuliona.

"Funguo za programu ziko kwangu," alisema Koku. "Naweza kuhamisha mstari huo jioni hii. Hakuna atakayejua."

"Najua ziko kwako."

"Wakifa watu, Mama?"

Adelina alipunguza mwendo. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana mzee. "Wakifa, watakuwa wamekufa kwa mkono wangu, na jina langu liko kwenye kitabu cha Kihwele. Halijafichwa chini ya mistari elfu." Alitembea hatua kadhaa. "Unaweza kwenda kugeuza. Sitakushika. Ila utakuwa umemgeuka Ndimbo kwa kitu gani, kama utafanya alichokwambia?"

Funguo zilikuwa mfukoni mwa Koku, na alizisikia kwenye paja kila alipopiga hatua.

Lango la Korido ya Tano lilikuwa limening'inia juu kwenye mifereji yake, chuma kizima, zito kuliko watu wote waliowahi kupita chini yake. Hakuna aliyekuwa akilitazama zamani. Sasa wakazi wa Tano walikuwa wamesimama ndani, wameinua nyuso, wakinong'ona. Hakuna aliyemsemesha Adelina. Hakuna aliyemzuia pia.

Katikati ya kizingiti, chini ya lango, Mhandisi Ndimbo alikuwa ameketi kwenye godoro lililokunjwa. Pembeni yake palikuwa na kikombe chake na shuka. Nyumba yake ilikuwa Korido ya Kwanza, karibu na feni kuu, mahali ambapo hewa haijawahi kupungua.

Alipomwona Adelina alisimama.

"Sina la kusema, mama," alisema. "Nimekuja kukaa nanyi wiki hii. Mkinifukuza nitakaa hapa hapa mlangoni."

Adelina alimtazama. Alilitazama lango. Kisha akainama, akashika pembe ya godoro.

"Sogea ndani," alisema. "Hapo ndipo linapoangukia."